Mzuka Uliochekwa Krofrom

Watu walipoanza kucheka nilidhani mbuzi ameingia ukumbini. Isingekuwa mara ya kwanza. Banda langu la video liko nyuma ya soko la Krofrom, hapa Kumasi, na mbuzi wa mtaa huu hawajui maana ya mlango. Nikaacha ndizi zangu za pilipili zichemke kwenye mafuta, nikachungulia.

Hakukuwa na mbuzi. Kwenye skrini alikuwa Pokuaa, kapakwa unga mweupe kuanzia nywele hadi kidole cha mguu, kanyoosha mikono kama mtu anayesubiri kukabidhiwa mtoto mchanga, anatembea taratibu kuelekea kitandani. Muziki unanguruma kama lori la mbao. Na watu wanacheka hadi mabenchi yanalia.

"Pokuaa!" mtu akapiga kelele kutoka nyuma. Alikuwa Ntim, fundi matairi, mdomo wake hauna breki. "Nyanya za jana zilikuwa zimeoza! Nibadilishie!"

"Mwache, anatafuta kopo lake la kupimia!" mwingine akadakia.

Pokuaa mwenyewe, yule anayeuza nyanya kwenye kona ya soko, alikuwa amekaa benchi la mbele. Akasimama, akageuka na mwili wake wote ule. "Ntim, nimekusikia! Kesho mtume mkeo kwangu, uone kama atarudi na hata nyanya moja!"

Basi huo ndio ukawa mwisho wa filamu. Watu walicheka mpaka majina ya waigizaji yakapita.

Filamu yenyewe iliitwa *Nguo za Mke wa Kwanza*. Bwana mmoja anafiwa na mkewe, anaoa mwingine, lakini sanduku la nguo za marehemu halirudishi kwa dada za huyo marehemu, analiacha chumbani. Mke mpya anafungua, anajifunga nguo ya mwenzake, anajitazama kwenye kioo. Marehemu anarudi kudai chake. Hapa kwetu hadithi kama hiyo inatosha kumnyima mtu usingizi hata bila picha, maana kila nyumba ina sanduku na kila ukoo una kesi ya sanduku. Ndiyo maana kile kicheko kiliuma.

Aliyeumia zaidi alikuwa Dufie. Yeye ndiye aliyeikata na kuiunga filamu ile. Alikuwa amesimama kando ya ukuta, ncha ya kitambaa cha kichwa ameing'ata.

Mwenye filamu alikuwa Wofa Sarfo, muuza injini kuukuu kule Suame. Wofa ni mjomba, kaka wa mama, na mtaa mzima ulimwita hivyo, hata wazee waliomzidi umri. Watu walipotoka alibaki amekaa, kofia magotini.

"Dufie," akasema, "mimi nauza injini. Injini isipowaka, siiambii pole."

"Wofa, nipe nafasi nyingine."

"Nafasi si hii niliyokupa? Kuna mtu Accra, filamu za kutisha ndiyo kazi yake. Jumatatu kanda zinapanda basi."

Mimi ndiye niliyejibu, mwiko wa mafuta bado mkononi. "Accra? Wofa, unapeleka filamu ya Krofrom Accra? Waje waseme sisi Waashanti hata kutisha hatujui, mpaka watusaidie?"

Hapo nilimgusa. Mtu wa Kumasi umwambie lolote, usimwambie Accra wanamzidi. Wofa Sarfo alivaa kofia, akaivua, akaivaa tena.

"Jumamosi," akasema. "Hapa hapa, mbele ya watu hawa hawa. Na huyo Ntim awepo. Wakicheka, kanda zinaondoka, na wewe, Dufie, urudi kwa maiti zako."

Maiti zake. Neno lile lilimwingia, nilimwona.

Dufie ana chumba nyuma ya kinyozi Ntow, kompyuta moja, feni moja, na kanda za mazishi hadi darini. Hakuna mazishi ya maana upande huu wa mji ambayo hayajapita mikononi mwake. Mpiga picha anarekodi, Dufie anaunga. Na kanda ya mazishi ina sheria zake: kila aliyekuja aonekane, kuanzia kilemba hadi kiatu. Marehemu akiwa amelazwa kwenye kitanda cha shaba aonyeshwe kila upande, kwa kila nguo aliyobadilishwa, bila haraka, ukoo uone kwamba ndugu yao hakuzikwa kama yatima. Ukimkata shangazi wa mtu, hata kisigino, umeanzisha ugomvi utakaofika kwa mzee wa ukoo. Dufie hakuwahi kumkata shangazi wa mtu. Ndiyo maana alisifiwa.

Lakini yeye alitaka filamu. Tangu nimjue anataka filamu. Aliwafuata watayarishaji wote wa mji huu, mmoja akamwambia mwanamke hawezi kukaa na mashine muda mrefu, mwingine akamwambia mengine ambayo sitayaandika. Wofa Sarfo peke yake ndiye aliyesema haya, jaribu. Akimkosa huyu hakuna mwingine.

Jumatatu nilimpelekea viazi vikuu na mchuzi wa majani ya magimbi, kwa sababu mtu mwenye majonzi hapiki. Nikamkuta anaitazama ile sehemu ya mzuka, anairudia, anairudia.

"Kaa, Anti Frema," akasema. "Niambie unaona nini."

"Namwona Pokuaa."

"Huyo ndiye mzuka."

"Mimi naona Pokuaa. Pale pana kovu la mafuta alilopata kwenye harusi ya Adoma. Pale hereni aliyoazima kwangu, na hajarudisha."

"Nimemwonyesha vizuri!" Dufie akawaka. "Mwanga umekaa, anaonekana mwili mzima, anaonekana mbele, anaonekana ubavuni..."

Mkono ukabaki hewani.

"Nini?"

"Nimemlaza," akasema polepole. "Anti, nimemlaza kwenye kitanda cha shaba. Nimemwonyesha kama marehemu wa watu, ukoo usije ukalalamika."

Akacheka, kicheko cha mtu aliyejikwaa mbele za wakwe. Halafu akaacha kucheka, akaanza kupekua ndani ya kompyuta.

"Kuna kitu huwa nakitupa," akasema. "Kila mazishi. Mpiga picha ananiletea, mimi nakata. Ngoja."

Akakipata. Mazishi ya Eno Kyerewaa, yule bibi wa nyumba ya bluu. Nilikuwepo, nilikula, niligombania chupa ya soda. Kwenye picha kulikuwa na mstari wa wanawake waliovaa nyekundu na nyeusi, wanangoja kuingia chumba alicholazwa. Kamera iko nje, mlangoni. Mwanamke wa kwanza anaongea na mwenzake, anarekebisha nguo begani. Anafika mlangoni. Anatazama ndani. Mkono wa begani unasimama. Mdomo uliokuwa ukiongea unabaki wazi, hautoi kitu.

Hapo Dufie akasimamisha picha.

Nikainama karibu na skrini. "Ameona nini?"

"Anti, ulikuwepo. Unajua alichoona."

Ni kweli nilijua. Aliona bibi wa watu kapambwa, kapendeza kuliko siku ya harusi yake. Hakuna cha kuogopesha. Lakini nilikuwa nimeshika ukingo wa kiti.

"Kwa nini ulikuwa unakitupa?"

"Familia haitaki mlango. Familia inataka marehemu." Akairudisha picha nyuma, akaitazama tena, safari hii bila kupepesa. "Kumbe woga wote ulikuwa unabaki mlangoni, na mimi ndiye niliyekuwa naufagia."

Wiki ile banda langu halikuniona sana. Kila jioni, kabla ya onyesho la kwanza, Dufie aliniita nikae mbele ya kompyuta na karanga mkononi. Yeye hakuitazama picha. Alinitazama mimi.

"Usiseme kitu, Anti. Tafuna tu."

Nikatafuna. Kuninyamazisha mimi si jambo dogo, lakini nilijitahidi. Baadaye nikaelewa mchezo wake: alikuwa anasikiliza meno yangu. Pale nilipoendelea kutafuna, alijua picha haijanishika, akakata. Pale taya iliposimama, aliiacha. Mahali pamoja alisogeza mkato kidogo mbele, nikatafuna. Akausogeza kidogo nyuma, nikakaa na karanga shavuni kama mtoto anayeficha dawa.

"Unaona?" akasema. "Uso wa mke mpya ukikaa kidogo tu kupita unavyotaka, unaanza kujiuliza anaangalia nini. Sasa badala ya kukuonyesha, nakurudisha kwenye kioo. Unakasirika. Unataka kuona. Ukishataka, uko mikononi mwangu."

"Wewe msichana una roho mbaya."

"Asante, Anti."

Muziki wote wa sehemu ile aliutoa. Nilipinga. Filamu bila muziki ni mchuzi bila chumvi, nikamwambia. Akasema muziki ndio unaowaambia watu waogope sasa, na mtu akiamriwa aogope hucheka kwa ukaidi. Chini ya muziki tukakuta sauti niliyokuwa nimeisahau. Siku ya kupiga picha, jirani wa nyumba ile alikuwa anatwanga fufu kwa mchi, muhogo na ndizi, na waliombembeleza aache aliwaambia watoto wake hawali filamu. Du, du, du. Wofa Sarfo alitukana siku nzima, na muziki ukawekwa juu ili kufunika.

Dufie akaisikiliza ile sauti kichwa kikiwa kimeinama.

"Hii," akasema, "siigusi."

Alhamisi, Pokuaa akaingia bila kubisha. Habari ilikuwa imefika sokoni. Kwa njia gani, tusipoteze muda.

"Nasikia unanikata."

"Karibu, dada Pokuaa."

"Usinikaribishe! Umenikata, hujanikata?"

"Nimekukata."

"Kiasi gani?"

Dufie akamwonyesha. Pokuaa alitazama hadi mwisho, akangoja, akachungulia nyuma ya kompyuta kana kwamba amefichwa huko. "Niko wapi mimi? Ule ni mguu! Ule ni mkono! Nilikaa kwenye unga siku nzima, nikapiga chafya wiki mbili, unaniletea mguu?"

"Dada, Jumamosi walikucheka."

"Walimcheka Ntim! Mimi nimealika safu nzima ya nyanya, na safu ya vitunguu. Nimeshona nguo. Waje waone unyayo wangu?" Akaniona kwenye kona. "Na wewe Frema, umekaa hapa unatafuna karanga, ndio urafiki huo?"

Nikatafuna.

"Dada Pokuaa," Dufie akasema, na sauti yake ilitetemeka kidogo, maana Pokuaa akikukasirikia hununui mboga Krofrom yote. "Unataka waone uso wako, au waogope uso wako?"

"Vyote viwili!"

"Vyote haiwezekani. Wakiuona wanakukumbuka, wakikukumbuka wanadai nyanya. Nikikurudisha, filamu inaondoka, na mimi naondoka nayo. Sitakurudisha."

Pokuaa alimtazama. Nilitarajia kofi. Akafunga nguo yake upya kiunoni. "Wakinicheka tena," akasema, "utahamia Accra wewe mwenyewe." Akatoka, mlango ukabaki unabembea.

Jumamosi watu walijaa hadi dirishani. Sijawahi kuuza ndizi kama siku ile. Lakini hawakuja kuogopa. Walikuja wamejiandaa, kila mtu na utani wake mfukoni. Ntim alivaa shati safi kabisa, amekaa katikati kama mgeni rasmi. Pokuaa mbele na wanawake wake wa soko, nguo mpya, kilemba kirefu kama mnara wa kanisa, waliokaa nyuma yake wananung'unika. Wofa Sarfo alisimama mlangoni karibu nami na kinyozi Ntow. Dufie ukutani, palepale pa wiki iliyopita.

Jina la Pokuaa lilipotokea, watu wakacheka. Wofa Sarfo akainua kidole.

"Hiyo ya jina haihesabiki," nikamwambia. "Teremsha kidole."

Filamu ikaenda. Mazishi, harusi ya pili, yote kama zamani. Kisha mke mpya akaingia chumbani, akafungua sanduku, akatoa ile nguo, akajifunga. Mchana mweupe, jua dirishani. Nje mtu anatwanga fufu, du, du, du. Hakuna muziki. Ntim alikuwa ameshavuta pumzi ya utani wake wa kwanza.

Mke mpya anajitazama kwenye kioo, anatabasamu. Anaangalia sanduku: limefungwa. Anarudi kwenye kioo. Anageuza bega aone nguo ilivyokaa. Du, du, du. Sanduku: limefunguka.

Mtu mmoja ukumbini akasema, "Ei."

Uso wa mke mpya. Anaangalia mlangoni, kwenye pazia, mahali ambapo sisi hatuoni. Mkono wake uko begani, umesimama. Picha haikati. Tunangoja ituonyeshe. Haituonyeshi. Inaturudisha kwenye kioo, na kwenye kioo yuko yeye peke yake, na nje, du, du, du.

Ndipo mchi ukanyamaza.

Wewe unayetoka kwingine huenda hujui mchi ukinyamaza ni kitu gani. Sisi tumezaliwa ndani ya sauti hiyo. Ukiisikia, nyumba ina watu. Ukinyamaza kabla chakula hakijaiva, unainua kichwa, unauliza kuna nini. Na ukumbi mzima uliinua kichwa. Nilisikia mafuta yangu yakichemka nje. Ntim alikuwa bado na pumzi ile ile kifuani, hajaitoa.

Chini ya pazia, miguu miwili. Myeupe. Kwa muda wa kupepesa jicho, si zaidi.

Sijui nani alianza. Ninachojua ni kwamba benchi la tatu lilianguka zima zima, safu ya vitunguu ikapanda juu ya safu ya nyanya, na sauti iliyozidi zote, nyembamba, ndefu, ilitoka benchi la mbele, chini ya kile kilemba. Alikuwa Pokuaa. Alikuwa amemkumbatia mwenzake na kuficha uso kwenye shingo yake, anapiga mayowe kwa sababu ya miguu yake mwenyewe.

Na baada ya mayowe, watu wakacheka.

Nikamtazama Dufie: alikuwa ameegemea ukuta, macho ameyafumba. Nikamgeukia Wofa Sarfo nikiwa tayari kugombana, kutetea, kudanganya, lolote.

"Wofa, hicho si kicheko cha..."

Lakini Wofa Sarfo alikuwa amemshika kinyozi Ntow mkono kwa mikono yake miwili, kamshika kweli kweli, na yeye mwenyewe alikuwa anacheka, machozi yanamtoka, kama mtu aliyevushwa barabara na gari likampitia kisigino.

"Niachie, Wofa," Ntow akasema. "Mkono huo ndio ninaonyolea."

Wofa akauachia. Akasikiliza ukumbi. Watu walikuwa wanacheka huku wameshikana, wanasukumana, wanaambiana wewe ndiye uliyeogopa, si mimi, ni wewe. Na picha iliyofuata ilipoingia, wakanyamaza wote mara moja, bila kuambiwa.

"Imewaka," Wofa Sarfo akasema, kwa sauti ndogo. "Ei, Dufie. Imewaka."

Akaenda hadi ukutani akamwambia jambo sikioni. Sikusikia, na nilijitahidi sana kusikia. Nilipombana baadaye, Dufie aliniambia: filamu inabaki, jina lake litaandikwa mwanzoni na si mwishoni, na kuna hadithi nyingine, ya dereva wa teksi anayempandisha abiria asiye na kivuli, aanze kuifikiria.

Filamu ilipokwisha Pokuaa alitoka wa mwisho, kilemba kimelala upande mmoja. Watu walimpisha njia. Hakuna aliyemtania. Alisimama mbele ya Dufie, mikono kiunoni.

"Uso wangu sikuuona."

"Hukuuona, dada."

"Nilijua ni mimi. Nilijua kabisa ni mimi." Akatazama huku na huku, akashusha sauti. "Hiyo ya dereva wa teksi, abiria ni mwanamke?"

Nje mstari wa onyesho la pili ulikuwa umefika kwa Ntow, na walioona walikuwa wanawasimulia wasioona, kila mmoja akiongeza chumvi yake: wengine miguu ilitembea hadi kitandani, wengine waliona na uso. Hata Ntim alikuwa kwenye mstari tena; alidai anakuja kumsindikiza mkewe, ambaye sikumwona popote.

Nikawafungulia. Wakajaa. Nilimpelekea Dufie kigoda pale ukutani, maana alikuwa amesimama tangu mchana, na niliporudi nilikuta amekigeuza. Alikuwa ameipa skrini mgongo. Alikuwa anazitazama nyuso, mwanga wa picha ukizipanda na kuzishuka, moja baada ya nyingine, kama mtu anayesoma.

"Anti," akaninong'oneza. "Yule wa benchi la pili, shati la kijani. Mazishi yalipokuwa yanaendelea, alipiga miayo."

"Si mmoja tu?"

"Na yule pembeni yake amemwangalia. Pale pamezidi urefu. Kesho napakata."

"Kesho Jumapili, mwanangu."

"Basi tukitoka kanisani," akasema, na macho yake yalikuwa yameshahamia benchi la tatu.